Namba ya Dashibodi Isiwagombanishe!

Gari lenu jipya la haibridi linasema mafuta yaliyobaki yatawafikisha mbali. Kabla hamjaliamini, na kabla hamjaanza kutiliana shaka, someni hapa.

Tuseme ukweli. Kwenye nyumba yenye gari moja na madereva wawili, ugomvi wa mafuta hauko mbali. Chukulia mfano huu. Asubuhi bwana anaacha gari likionyesha limebakiza kilomita 420. Bibi analichukua, anakwenda kazini, anapitia Kariakoo, anarudi nyumbani. Jioni bwana akiwasha, anakuta 325! Anapiga hesabu haraka haraka: zimeliwa kilomita 95, na safari yenyewe haizidi 30. "Mwenzangu, leo ulipitia wapi?" Hapo kitumbua kishaingia mchanga.

Bibi hajadanganya. Bwana naye hajakosea kutoa. Tatizo ni kwamba wote wawili wanaisoma ile namba kama salio la benki, na ile namba si salio. Ni makisio.

Gari moja, matumbo mawili

Haibridi za kawaida tumeshazizoea mjini: injini ya petroli, betri ndogo, gari linajichaji lenyewe likitembea. Haibridi ya kuchaji imeenda hatua moja mbele. Betri yake ni kubwa zaidi na unaichomeka kwenye umeme, kama simu. Ikijaa, gari linatembea kwa umeme mtupu kwa kilomita kadhaa. Umeme ukipungua, injini ya petroli inashika kazi.

Kwa hiyo gari hili lina matumbo mawili, na dashibodi inakupa namba mbili: kilomita za umeme na kilomita za petroli. Magari mengine yanakuonyesha na jumla yake. Hapa wengi wanachanganyikiwa, hasa kama gari limetoka Japani na maandishi yote ni ya Kijapani! Kwanza kabisa, kaeni pamoja mjue namba ipi ni ipi. Ya umeme mara nyingi iko karibu na alama ya betri au plagi, na ya petroli iko karibu na alama ya pampu ya mafuta.

Mtabiri anayejua jana tu

Sasa, kompyuta ya gari inazipataje hizo kilomita? Hesabu yake ni ndogo tu. Inaangalia lita zilizobaki kwenye tenki, halafu inazidisha kwa wastani wa ulaji wa mafuta wa siku za karibuni. Basi. Haijui kesho unakwenda Mbezi au Mbeya. Haijui kama mnapanda watu wawili au ukoo mzima na magunia. Ni mtabiri anayeijua jana tu, akidhani kesho itafanana nayo.

Turudi kwa wale wawili. Asubuhi tenki lilikuwa na lita 28, na wastani ulikuwa kilomita 15 kwa lita. Zidisha, unapata 420. Ila usiku ule umeme ulikatika, gari halikuchajiwa. Bibi akaenda kilomita zake 30 kwa petroli tupu, foleni mwanzo mwisho, kiyoyozi kikipuliza. Akatumia lita 3. Zimebaki 25, na kompyuta ikiona ulaji ule, imeshusha wastani hadi kilomita 13 kwa lita. Zidisha tena: 325. Namba imeporomoka kwa 95, lakini gari limetembea 30 tu.

Ukitaka kujua gari limetembea umbali gani, shahidi ni odometa. Ile inahesabu magurudumu yalivyozunguka, haina utabiri.

Namba ikizidi uzuri, ogopa

Kuna kosa la upande wa pili, na hili ndilo linaloweza kuwalaza njiani. Tuseme kila siku mnakwenda kilomita 40, kwenda na kurudi kazini. Kilomita 30 ni za umeme, na 10 zilizobaki zinakula lita moja ya petroli. Kwa kompyuta inayochanganya zote, gari linakwenda kilomita 40 kwa lita! Ukiwa na lita 30 tenkini, inaweza kukuandikia kilomita 1,200. Raha iliyoje!

Halafu Desemba inafika, mnapakia mabegi, safari ya Moshi kula Krismasi ukweni. Kwenye barabara kuu, umeme wa betri unaisha mapema. Kuanzia hapo mko na petroli tu, mzigo, mwendo na milima. Gari likienda kilomita 12 kwa lita, lita zile 30 ni kilomita 360. Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar. Wese litawakatikia mahali fulani kati ya Mombo na Same, na watoto wamelala kiti cha nyuma. Na ile 1,200 haikuwa uongo. Ilikuwa kweli kwa safari za mjini, za wiki iliyopita.

Hata wataalamu wanapishana

Msidhani ni gari lenu tu ndilo kimeo. Chukua Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 12, tenki lita 45. Kwa kipimo cha Japani cha wakati ule, ilipewa kilomita 60.2 za umeme. Ilipofika Marekani kama toleo la 2018, betri ikiwa ya ukubwa ule ule, kipimo cha serikali ya huko kiliipa maili 22, yaani kama kilomita 35 tu. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupima. Kwa hiyo muuza magari akikwambia "hii inakwenda sitini kwa umeme", muulize: kwa kipimo cha nani? Na betri ina umri gani? Maana betri ikizeeka, nayo inapungua pumzi.

Ulaya nako wamejionea. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti kuhusu magari yaliyosajiliwa mwaka 2021. Haibridi za kuchaji zilikutwa zikitoa hewa ya kaboni wastani mara 3.5 ya ile iliyopimwa maabara. Sababu kubwa ni kwamba wenye magari hawakuyachaji wala kuyaendesha kwa umeme kama ilivyodhaniwa. Usipolichaji, unabaki na gari la petroli lililobeba betri nzito bure.

Sasa mfanye nini?

1. Pimeni wenyewe. Jazeni tenki mpaka bomba lijikate, rudisheni kihesabu cha safari kwenye sifuri. Mkirudi sheli, jazeni tena vile vile. Gawanyeni kilomita kwa lita. Fanyeni hivyo mara moja kwa wiki ya mjini na mara moja kwa safari ndefu. Hizo namba mbili ni zenu, ziandikeni kwenye simu.

2. Ijueni betri yenu. Chajini ijae, anzeni na sifuri, muone injini inashika kazi baada ya kilomita ngapi. Kumbukeni injini inaweza kuwaka mapema mkikanyaga mafuta kwa nguvu. Ukiwasha kiyoyozi, namba ya umeme inaweza kushuka hapo hapo. Usishtuke.

3. Msiogope LUKU. Kilowati-saa moja ni yuniti moja. Betri ya 12 haiwezi kuwamalizia yuniti 50 kwa usiku mmoja! Ila muiteni fundi umeme kwanza: nyumba za Japani zinatumia volti 100 na 200, zetu 230, na waya wa kuchajia uliokuja na gari unahitaji kukaguliwa.

4. Safari ndefu, hesabuni lita. Zidisheni lita za tenkini kwa wastani wenu wa barabara kuu, sio wa mjini. Ikibaki robo tenki, simameni mjaze. Msingoje namba igeuke vistari.

5. Mkikabidhiana gari, kabidhianeni na habari. "Jana sikuchaji." "Leo kulikuwa na foleni ya kufa mtu." Sentensi moja tu, na mwenzio hatashangaa akikuta namba imeshuka.

Zaidi ya mafuta

Pesa ya mafuta ni pesa ya nyumba, na ni haki ya kila mmoja kuuliza inakwenda wapi. Lakini uliza kwa kipimo cha haki. Risiti za sheli na odometa zitakwambia mwezi huu mmetumia nini. Namba inayopanda na kushuka kwa sababu ya foleni na kiyoyozi haiwezi kuwa ushahidi wa tabia ya mtu. Na mkigundua mmoja wenu anatumia mafuta zaidi, huenda ni kwa sababu yeye ndiye anayewapitisha watoto shule, sokoni na hospitali. Hapo mnazungumza bajeti, hamzungumzi tuhuma.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kulala, mmoja wenu atoke akalichomeke gari. Mwingine asome odometa aandike. Kesho mtakuwa na kitu cha kulinganisha.