Barnard si Mlango wa Nyuma wa Columbia

Juma lililopita nilikuwa Mathare, Nairobi, kwa dada yangu anayeuza mahamri na mbaazi karibu na Barabara ya Juja. Bintiye anajaza maombi ya vyuo vya Marekani, na kwenye orodha yake ameandika Barnard. Jirani mmoja akacheka: "Hicho cha wanawake ni cha waliokosa Columbia." Mtoto akanigeukia: "Mjomba, nilifute?"

Nikamwambia angoje, kwani jambo hili hatulielewi vizuri.

Barnard kilianzishwa New York mwaka 1889 kwa sababu Columbia hakikukubali kusomesha wasichana pamoja na wavulana. Mwaka 1900 vyuo hivyo viwili vikafunga mkataba. Mpaka leo Barnard kina rais wake, bodi yake, walimu wake na fedha zake, na huchagua wanafunzi wake chenyewe. Lakini wasichana wake husoma pia katika madarasa na maktaba za Columbia, ng'ambo ya barabara ya Broadway, na shahada yao hutolewa na Chuo Kikuu cha Columbia. Columbia College, kitivo chenye sifa kubwa kwa shahada ya kwanza, hakikupokea wasichana mpaka 1983.

Sisi Wapwani tunayajua haya kwa kiasi. Chuo cha Pwani, Kilifi, kilikuwa chuo kishirikishi cha Kenyatta kuanzia 2007, kikapata hati yake 2013. Tofauti ni kwamba Pwani kilikuwa kikingojea kujitegemea, na Barnard kimechagua kubaki vile kilivyo.

Je, heshima ni sawa? Kwa jina tu, hapana. Columbia ni cha tangu 1754 na dunia nzima inakijua, ilhali Barnard, chenye wanafunzi kama 3,000, kinajulikana zaidi na wasomi na waajiri wa kule. Lakini si kimbilio la walioshindwa: siku hizi vyote viwili hupokea chini ya waombaji 10 katika kila 100.

Na chuo cha wanawake hakimpunguzii mtu thamani. Marehemu Wangari Maathai alipata shahada yake ya kwanza 1964 katika Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake huko Kansas. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wazazi nao wasijidanganye kwamba huko binti hatakaa na wavulana darasani. Madarasa ya Columbia ni mchanganyiko. Na kwa mwanafunzi wa kigeni asiye na uwezo, kubwa kuliko jina ni karo: aombe msaada wa ada tangu siku ya kwanza, maana akinyamaza mwanzoni huenda asipate baadaye.

Mpwa wangu hakulifuta. Jirani naye nilimwachia swali: yeye anasomea jina, au elimu?