Gofu asubuhi, twiga mchana: Panga hivi likizo yako ya Arusha, usije ukagombana na familia

Ukimwambia mtu wa Dar au Nairobi "likizo ya gofu", mawazo yake yanakwenda pwani. Anawaza Vipingo kule Kilifi, au Zanzibar, upepo wa bahari na mnazi nyuma ya shimo la mwisho. Sawa, pwani ina utamu wake. Ila kuna mkoa hauna hata tone la bahari, na kwa likizo ya namna hii unaizidi pwani kwa jambo moja: ukimaliza kucheza, huna haja ya kusafiri kutafuta cha kuona. Uko chini ya Mlima Meru, Kilimanjaro inakuchungulia upande wa pili, na hifadhi ya taifa iko hapo hapo jirani.

Shida ni moja. Watu wengi wanapanga gofu kwanza, halafu mke, mume au watoto wanaambiwa "tutaona tukifika". Hapo ndipo likizo inapoharibika. Raundi ya mashimo 18 inakula saa 4 hadi 5. Ongeza njia, ongeza soda ya baada ya mchezo, siku imekwisha na watoto wamekaa hotelini wanaangalia katuni zile zile walizoziacha nyumbani.

Kwa hiyo anza na ramani, si na fimbo.

Viwanja vya kuangalia ni viwili. Cha kwanza ni Arusha Gymkhana, kipo mjini kabisa, jirani na AICC. Kina mashimo 9, ukitaka 18 unazunguka mara mbili. Ni kiwanja cha zamani chenye miti mikubwa, na Meru imesimama juu yako kama ukuta. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kucheza mashimo 9 asubuhi na mapema, saa 3 na nusu yuko mezani anakunywa chai na familia. Hakuna aliyenuna.

Cha pili ni Kili Golf, kipo Usa River, karibu katikati ya Arusha mjini na uwanja wa ndege wa KIA. Hiki kina mashimo 18, kimechorwa na David Jones wa Ireland Kaskazini, na kiko ndani ya eneo lenye nyumba na wanyamapori, kwa hiyo swala kukatiza mbele yako si jambo la ajabu. Asubuhi kukiwa kweupe unaona Meru upande mmja na Kilimanjaro upande mwingine. Nasema asubuhi kwa makusudi. Milima hii miwili ina tabia ya kujifunika mawingu jua likishapanda, na mgeni anayeanza kucheza saa 5 anaweza kumaliza raundi nzima bila kujua kwamba kulikuwa na mlima hapo.

Ukiwa na siku za ziada, Moshi iko kama kilomita 80 na nako kuna Moshi Club na kiwanja cha TPC, kule kwenye mashamba ya miwa. Lakini kwa safari ya siku 4, mimi ningeiacha Moshi. Kukimbizana na barabara si likizo.

Kabla hujalipa hoteli, piga simu kwenye klabu. Uliza mambo manne tu: kuna mashindano wikiendi hiyo? Mgeni asiye mwanachama analipa kiasi gani? Fimbo za kukodi zipo? Mavazi yanatakiwa vipi? Watu wamesafiri mbali wakakuta kiwanja kimefungwa kwa ajili ya mashindano. Kuhusu mavazi, fulana yenye kola na suruali isiyo jinzi haikuangushi klabu yoyote.

Na mchukue kedi, yaani yule msaidizi anayebeba mkoba wako. Kuna wachezaji wanaona ni gharama ya kukwepa. Ni hesabu mbaya. Kedi anakijua kiwanja kuliko simu yako. Wachezaji wengi wanaamini kwamba kwenye viwanja vya chini ya mlima, mpira kwenye grini hupenda kukimbia kuelekea bondeni hata pale macho yanapokuambia ni tambarare. Kedi atakuonyesha wapi ni kweli na wapi ni imani tu. Kubalianeni malipo mapema, na ukimpa cha juu mpe mkononi. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo riziki ya siku, na baadhi ya wachezaji wazuri wa nchi hii walianza kwa kubeba mikoba ya wengine.

Jambo jingine ambalo watu wa pwani huwa linawashangaza: mpira unaenda mbali zaidi. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unapata upinzani mdogo. Faida ni kama asilimia 5. Mpigo wako wa mita 150 kule Dar unaweza kufika mita 157 hapa. Usijisifu haraka, na usishangae mpira ukivuka grini na kuingia kichakani.

Sasa tuje kwa wale wasiocheza, ambao ndio wengi.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha unaingilia hapo hapo Usa River, kwenye barabara inayochepuka kutoka ile ya Moshi. Ndiyo maana nashauri siku ya Kili Golf na siku ya hifadhi zifuatane, na mlale huko huko badala ya kurudi mjini. Foleni ya kuingia Arusha jioni si rafiki wa mtu.

Ukishapita geti la Ngurdoto unakutana na uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo, na mara nyingi twiga, pundamilia na nyati wapo hapo hapo. Mbele kuna kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita 3 hivi. Unaitazama kutoka ukingoni tu, kushuka hairuhusiwi, bonde wameachiwa wanyama. Kwenye msitu tafuta mbega, nyani wale weusi wenye joho jeupe. Watoto hawatawasahau.

Kisha nenda maziwa ya Momella. Hapa kuna kitu cha kuwaeleza watoto. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulibomoka, ukamwaga udongo na mawe hadi mbali sana. Maziwa ya Momella yamekaa kwenye mashimo yaliyobaki katika kifusi hicho, na vile vilima vidogo vidogo unavyoviona kuelekea Usa River ni vipande vya mlima. Ndiyo maana ukiutazama Meru kutoka mashariki unaona kama umeng'atwa. Maji ya maziwa hayo yana magadi, na flamingo wanayapenda kwa chakula kinachoota humo.

Simba hawapo katika hifadhi hii. Wengine wanalalamika, ila ndiyo sababu mojawapo ya kuweza kutembea kwa miguu, mkiwa na askari mwenye silaha kwa sababu nyati ni wengi. Matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia ni mafupi na yanafaa familia. Kupanda Meru hadi kileleni, zaidi ya mita 4,500, ni habari nyingine: kunachukua siku 3 hadi 4 na miguu itauma. Usichanganye na gofu katika safari moja fupi.

Malipo ya getini ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, usitegemee noti mkononi. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kiwango chao, cha chini sana kuliko cha wageni wa nje, basi beba kitambulisho. Wakati wa mvua, kodi fo-bai-fo.

Siku ya mjini ni rahisi. Boma la Wajerumani, Makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967, na jioni nyama choma au kuku pale Khan's, sehemu ambayo mchana ni gereji. Ukiwa na nusu siku, Tengeru ina Ziwa Duluti, ziwa la kreta lenye njia ya kutembea kulizunguka, na makaburi ya wakimbizi wa Kipoland walioletwa huko kuanzia 1942 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jumamosi kuna soko kubwa la Tengeru. Mwenye kupenda ndizi na parachichi aende na kikapu.

Kuhusu muda wa kuja: Machi hadi Mei ni masika, kiwanja kinalowa na barabara za hifadhi zinateleza, ingawa bei za hoteli zinashuka. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini Arusha kunakuwa na baridi na mawingu, beba sweta, msidanganywe na neno Afrika. Kwa kuona milima na kucheza kwa raha, Januari na Februari ni miezi mizuri sana. Septemba na Oktoba pia.

Mwisho, mkoba wa fimbo. Ukija kwa ndege kubwa, shukia KIA. Zile ndege ndogo zinazotua uwanja wa Arusha, Kisongo, nyingi zinataka mzigo laini usiozidi kilo 15, na mkoba wa gofu peke yake unaweza kuimaliza. Kwa anayetoka Nairobi, gari kupitia Namanga linatosha, na mkoba unakaa kwenye buti bila kuulizwa kilo.