Kitabu Kinapokosa Njia ya Kufika Kiptere

Kiptere ni mji mdogo wa soko kwenye barabara ya kutoka Kapsoit kwenda Sondu, katika Kaunti ya Kericho. Wakazi wake wengi ni wakulima wadogo wa majani chai. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, hakiko mbali, na Bomet nayo ina chuo kishiriki. Wasomi wapo na utafiti unafanyika. Je, mkazi wa Kiptere anayetaka kusoma historia ya Wakipsigis, jamii ya eneo hili, iliyoandikwa na mtaalamu, ataipata wapi? Mimi huupima kwa swali hilo kila mpango wa kuanzisha shirika la uchapishaji la chuo kikuu.

Vitabu vyenyewe viliandikwa zamani. J. G. Peristiany alichapisha chake London mwaka 1939. Mwaka 1961, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lilitoa kitabu cha Ian Orchardson, mzungu aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda chai Kericho. Mwaka 1977 shirika hilohilo likatoa *A History of the Kipsigis* cha mwanahistoria Mkenya, Henry Mwanzi. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika hilo likasambaratika pamoja nayo. Kazi yake upande wa Kenya ilirithiwa na Kenya Literature Bureau, ambalo nalo lilichapisha masimulizi ya Wakipsigis yaliyokusanywa na Taaitta Toweett.

Shirika lile la kikanda, lililoanza mwaka 1948, lilikuwa la serikali ya kikoloni, na maandishi ya kupigania uhuru hayakuwa na nafasi humo. Hata hivyo, waliolipanga walielewa jambo moja kubwa: kusambaza ni sehemu ya kuchapisha. Lilipeleka masanduku ya vitabu vijijini, likaazimisha vitabu kwa posta, na likawa na magari ya maktaba.

Miradi iliyofuata imeisahau sehemu hiyo. University of Nairobi Press ilianzishwa mwaka 1990, na vyuo vingine vimekuwa na ndoto kama hiyo. Kwenye karatasi kila kitu hupendeza: ofisi, bodi ya wahariri, vitabu vya kwanza, siku ya uzinduzi. Shida huanza baada ya hapo. Kitabu cha kitaaluma huuzwa polepole, nakala chache kwa miaka mingi. Mhariri lazima alipwe kila mwezi, wataalamu wapitie miswada, nakala zihifadhiwe, na maduka yafuatiliwe yalipe madeni. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ikaongeza kodi ya asilimia 16 kwenye bei ya vitabu. Mchapishaji anayetaka kuishi hukimbilia vitabu vya shule, maana huko ndiko kwenye wanunuzi wa uhakika.

Mhadhiri naye ana mzigo wake. Tangu mwaka 2014, vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya kupandisha wahadhiri vyeo vimetaja wazi machapisho yanayotakiwa. Ni haki kudai kazi zilizopitiwa na wataalamu. Lakini mahali pasipo na mchapishaji imara wa karibu, matokeo ya utafiti uliofanywa katika mashamba ya Kericho huishia kwenye majarida ya ng'ambo, na wakulima waliojibu maswali ya mtafiti hawayaoni.

Hapahapa Kericho kuna mfano wa maarifa yaliyofika. Kituo cha utafiti wa chai kilianza mwaka 1951, na aina bora za michai kilizozitoa, kama ile ya 6/8, zimeenea kwa wakulima wadogo wa Kenya. Zilienea kwa sababu palikuwa na vitalu vya miche, maafisa wa kilimo wa kuelekeza, na viwanda vya kununua majani. Njia ilitengenezwa pamoja na ugunduzi.

Kwa hiyo sioni haja ya kila chuo kuwa na shirika lake dhaifu. Kabianga, Bomet, Moi, Maseno na Kisii vingeweza kuwa na shirika moja la kikanda: wahariri wa kudumu, wapitiaji kutoka nje ya chuo cha mwandishi, na orodha moja ya vitabu. Kila kitabu kiwekwe kwenye intaneti kisomwe bure, nakala za karatasi zichapwe kadiri zinavyoagizwa, na muhtasari wa kila kazi utolewe kwa Kiswahili na Kikipsigis. Nakala ziende kwenye maktaba za shule za sekondari na ofisi za kilimo za wadi.

Nawaomba wakuu wa vyuo, kabla ya kukata utepe wa mradi mwingine, waoneshe kwanza fungu la fedha la kufikisha vitabu Kiptere. Kama fungu hilo halimo, mradi huo hauko tayari kuanza.