Maji ya Chokaa Kutoka Moyoni mwa Mwamba

Ukitoka Maskati kwenda Nizwa, barabara inapopita Sumail, milima ya rangi ya kahawia iliyoiva inakuzunguka pande zote. Milima hiyo haikuzaliwa nchi kavu. Kiasi cha miaka milioni 96 iliyopita mwamba wake ulikuwa chini ya sakafu ya bahari, kisha mabamba ya dunia yaliposukumana ukapandishwa juu ya ukingo wa Bara Arabu. Kwa hiyo sisi tunaoishi Oman, wengi wetu wenye asili ya Unguja na Pemba, tunaukanyaga kwa viatu mwamba ambao kwingi duniani haufikiwi ila kwa nyambizi au mitambo ya kuchimba. Mimi nafundisha kemia, na sijaona somo la kemia lililo wazi kuliko mabonde haya.

Mwamba wenyewe huitwa peridotiti. Asili yake ni mantili, tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, na madini yake makuu ni olivini, yaani magnesiamu, chuma na silika vilivyoungana katika joto kali. Kule chini olivini imetulia. Ikiletwa juu penye ubaridi na maji, haidumu. Maji hupenya kwenye nyufa, olivini ikavunjika, na mahali pake yakatokea madini mengine: serpentini ya kijani inayoteleza mkononi, brusiti, na punje nyeusi za magnetiti. Maji hayo huingia ndani ya madini yenyewe yakawa sehemu yake. Chukua kilo moja ya serpentini: takriban gramu 130 ni maji. Jiwe likishakunywa hivyo huvimba, na kuvimba kwake kunaweza kupasua nyufa mpya za kupitishia maji mengine.

Kinachonivutia kuliko vyote ni chuma. Sehemu ya chuma kilichokuwa ndani ya olivini hunyang'anya maji oksijeni na kugeuka magnetiti, na haidrojeni ikabaki huru. Nilimpa binti wa kaka yangu sumaku ndogo iliyofungwa uzi, nikamwambia aining'inize karibu na jiwe la kijani kilichokoza. Ikavutwa, ikagota. "Ami, jiwe linaivuta!" Basi, ile magnetiti iliyovuta sumaku ndiyo ushahidi kwamba gesi iliwahi kutoka hapo. Na inaendelea kutoka: mwaka 1983 wanasayansi Neal na Stanger waliandika kuhusu haidrojeni inayobubujika pamoja na maji ya chemchemi za milima hii.

Sasa tuyafuate maji. Mvua inaposhuka huwa imebeba hewa ya ukaa kidogo, na karibu na uso wa ardhi huchota magnesiamu kutoka kwenye mwamba. Yakizama zaidi, mahali yasipoguswa tena na hewa, mambo yanageuka. Magnesiamu inafungwa ndani ya serpentini na brusiti, silika nayo inashikwa, na ile hewa ya ukaa inaganda kuwa madini ya kaboneti nyufani. Kalisi ndiyo inayokosa makazi, kwa sababu serpentini haina nafasi nayo, hivyo inabaki majini. Maji yanapochomoza tena bondeni, pH yake imepita 11. Kinachokosekana ndani yake kimebaki kwenye jiwe, na kilichozidi jiwe limekikataa.

Maji hayo ni chokaa iliyoyeyuka, jamaa ya ile ambayo mafundi wa Unguja waliipata kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Chokaa ya ukutani huvuta hewa ya ukaa ikawa jiwe. Dimbwini ni vivyo hivyo: juu ya maji hujitanda utando mweupe, mwembamba, unaokatika ukiugusa kwa ncha ya kidole. Vipande vinazama, vinalala tabaka juu ya tabaka, na chini ya dimbwi kunakuwa kweupe pe.

Baharini kemia hii hujenga minara. Desemba 2000 watafiti katika Bahari ya Atlantiki, akiwemo Deborah Kelley, waligundua uwanja wa Lost City, wenye minara myeupe ya kaboneti na brusiti, mmojawapo ukiwa na urefu wa mita 60. Maji yanayotoka humo yana nyuzi 40 hadi 90 za selisiasi na pH kati ya 9 na 11, na vijidudu huishi kwa haidrojeni na methani yake. Mwaka 2023 meli ya JOIDES Resolution ilichimba karibu na hapo mita 1,268 ndani ya mwamba wa mantili.

Kwetu Oman, watafiti Kelemen na Matter walikadiria mwaka 2008 kwamba peridotiti hii hufunga kila mwaka kati ya tani 10,000 na 100,000 za hewa ya ukaa, bila kusaidiwa na mtu. Ndiyo maana naona uchungu nikikuta chupa za plastiki na makaa ya mishikaki kwenye madimbwi haya. Ukija na watoto, waletee sumaku na karatasi ya kupimia pH, wazuie wasinywe maji hayo wala yasiwaingie machoni, kwani yanachoma, kisha rudi na taka zako zote.