Kilomita za Ramani, Kilomita za Moyo



Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, hadi uwanja wa Kilimanjaro, KIA, ni kama kilomita 6,900. Ndege huzimaliza kwa saa nane au tisa hivi. Mtalii aliyeamka Uholanzi asubuhi aweza kulala Arusha usiku uleule, na kesho yake akapita Karatu kwenda kutazama Kreta ya Ngorongoro.

Kutoka Dar es Salaam hadi KIA ni kama kilomita 450 tu angani, mwendo wa saa moja na dakika chache. Kwa basi njia ni ndefu zaidi. Utachoka, lakini utafika.

Sasa iache lami ya watalii, ufuate njia ya Endabash. Huko wapo wazazi wenye watoto Dar es Salaam. Hela za simu zinaingia, mbegu zinanunuliwa, bati linaezekwa, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini ukimuuliza mama habari za mwanawe, anajibu: "Mzima, Padre. Sauti yake naisikia." Uso wake hajauona tangu mjukuu azaliwe, na mjukuu sasa yuko darasa la tatu.

Simlaumu kila mtu. Nauli ni kubwa, na likizo si za wote. Lakini mapadre tunazika, na tunaona: tiketi iliyokosekana miaka minane ya uhai wa mama hupatikana ndani ya siku mbili za msiba wake. Umbali ni uleule, na nauli ni ileile.

Soma Luka sura ya 24. Wafuasi wawili walitoka Yerusalemu kwenda Emau, yapata kilomita 11, mioyo ikiwa mizito. Walipofika walimsihi yule mgeni akae nao, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia. Lakini walipomtambua Bwana katika kuumega mkate, waliondoka saa ileile, wakarudi Yerusalemu. Giza halikuwazuia tena. Njia haikufupishwa hata hatua moja. Kilichobadilika ni mioyo yao.

Ndugu yangu uliye mjini, usingoje simu ya msiba. Panga tarehe leo, umwambie mama, ili naye awe na siku ya kuhesabu.

Nawe uliyebaki kijijini, usidhani neno hili ni la wa mjini peke yao. Labda yuko jirani msiyesalimiana tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Mnapanga mstari mmoja wa Komunyo, kisha kila mmoja anashika njia yake. Kati ya nyumba zenu hakuna hata kilomita moja, wala hakuna nauli. Nenda kwa miguu, leo, kabla jua halijatua.

Nawatakia Dominika njema.