Mpanda Baisikeli wa Nairobi na Adui Asiyeonekana

Mtoto wa Moshi aliyepata kupanda baisikeli kutoka Himo kwenda Marangu ajua jinsi mlima unavyopima nguvu za mtu. Chris Froome alijifunza kazi yake katika njia za namna hiyo.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa mtoto, Mkenya mmoja, jina lake David Kinjah, alimfundisha kuendesha baisikeli katika vilima vya Kikuyu. Kisha alisoma Afrika Kusini, na mwaka 2007 mashindano ya baisikeli yakawa kazi ya riziki yake. Tangu mwaka 2008 alishindana kwa jina la Uingereza, asili ya wazee wake.

Huko Ulaya nguvu zake hazikudumu. Leo aliwapita wengi, kesho aliachwa nyuma. Mwaka 2010 alipimwa, akaonekana ana kichocho.

Ugonjwa huu hutoka majini. Mgonjwa akienda haja mtoni au mferejini, mayai ya minyoo huingia majini. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye. Mwilini minyoo hukaa katika mishipa na kula damu. Mtu hulegea asijue sababu. Hata katika mifereji ya mashamba ya mpunga, kwenye tambarare ya kusini mwa Moshi, kichocho kimepata kuonekana.

Froome alikunywa dawa zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 aliingia katika mashindano ya kuzunguka Ufaransa, ambayo huchukua majuma matatu na kupita kilomita 3,000. Tarehe 14 Julai waliupanda mlima Ventoux, ambao kilele chake kina mita 1,900 na zaidi, karibu sawa na kimo cha Lango la Marangu. Froome alifika wa kwanza, na mashindano yote yalipokwisha alikuwa mshindi. Alishinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017.

Basi, mwanafunzi achokaye kila siku asiitwe mvivu upesi. Na apelekwe hospitali, apimwe, maana huenda anapigana na adui asiyemwona. Na kila mtu atumie choo, asiyachafue maji ya wenziwe.