Kiraka na Sababu Yake

Katika ufundi wa programu, kiraka ni sahihisho liwezalo kupelekwa kwa barua pepe: mstari wa kufutwa hutiwa alama ya kutoa, na wa kuongezwa alama ya kujumlisha. Msimamizi akilirudisha, mwandishi hulirekebisha na kulipeleka tena kwa namba mpya. Git, iliyotungwa mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, huhifadhi jina la mwandishi pamoja na maelezo yake.

Maelezo hayo yana thamani kubwa. Tuchukue Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, ambayo Whiteley aliichapishia utafiti mwaka 1956. Neno lake likifutwa kimya katika tafsiri ya programu, ajaye hatajua kama lilikuwa kosa ama lugha ya watu. Basi kila kiraka kichukue jambo moja, na sababu yake.